Baridi ya miguuni huanza na jasho

Katikati ya karne ya 19, mmisionari Johannes Rebmann alipokuwa Machame alisimuliwa habari za msafara uliotumwa juu ya Mlima Kilimanjaro na Mangi Rungua, baba yake Mamkinga aliyekuwa mangi wakati huo. Mangi alitaka kujua ule weupe wa kileleni ni kitu gani, maana huenda ikawa ni fedha. Kundi zima likapanda, akarudi mtu mmoja. Jina lake Sabaya, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi kwa maisha yake yote. Rebmann aliandika habari hizo. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliendelea kubisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta, na miguu ya Sabaya haikumshughulisha.

Ni zaidi ya miaka 170 sasa. Hakuna tena anayebisha kuhusu theluji, lakini miguu ya Wachagga na wenzao wanaopanda nao bado haijapata wa kuishughulikia ipasavyo.

Mlima Kilimanjaro hupokea makumi ya maelfu ya wageni kila mwaka, na nyuma ya mgeni mmoja kwa kawaida huwa kuna wapagazi watatu au wanne, wale ambao Moshi na Arusha huwaita wagumu. Mgeni hufika na buti la bei mbaya, soksi za sufu jozi kadhaa, vifuko vidogo vya kemikali vinavyotoa joto vikifunguliwa, na orodha ya vifaa aliyotumiwa na wakala miezi kabla ya safari. Mgumu naye? Inategemea anamfanyia kazi nani. Zipo kampuni zinazohakikisha amevaa sawasawa kuanzia kofia hadi buti. Na zipo ambazo mtu hujitokeza langoni na raba alizochagua mwenyewe kwenye mitumba ya Soko la Memorial, soksi za pamba miguuni, na jozi ya akiba, kama ipo, haijakauka tangu safari iliyopita.

Ukihoji, utaambiwa hawa wamezoea. Ni jibu la kivivu, na ubaya wake umezidi kwa kuwa wapagazi wenyewe wamelisikia kiasi cha kulirudia kwa fahari.

Mwili hauna mazoea ya namna hiyo. Baridi inapouzidi, kazi yake ya kwanza ni kulinda moyo, ubongo, mapafu na figo, ambavyo havina budi kukaa karibu na nyuzi 37. Ili kuvilinda, huibana mishipa midogo ya vidole vya mikono na miguu, damu ya moto ikapungua huko na kubaki kiwiliwili. Kidole cha mguu hakina namna ya kujitetea. Ni chembamba, ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na nyama iliyomo ndani, na misuli mikubwa inayokikunja na kukikunjua iko juu, kwenye muundi. Kwa hiyo hakitengenezi joto la maana; huishi kwa joto la kuletewa. Damu ikikatizwa, hufuata ubaridi wa kitu kilichokizunguka.

Ni kweli kwamba mishipa hiyo haifungi moja kwa moja. Mwaka 1930 daktari Mwingereza Thomas Lewis alieleza yanayokipata kidole kilichotiwa kwenye maji ya barafu: hupoa kabisa, kisha baada ya dakika chache mishipa hufunguka na kukipasha, halafu hufunga tena, na mzunguko huo huendelea. Kwa wavuvi wa bahari za kaskazini na watu waliokulia kwenye baridi kali, mfunguko huja mapema na kwa nguvu. Kwa watu wenye asili ya Afrika huwa dhaifu zaidi, na tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha mara kwa mara kwamba askari weusi huumizwa na baridi zaidi kuliko wenzao weupe waliolala porini usiku uleule. Hiyo ndiyo sayansi ya “wamezoea”. Kama kuna mtu kwenye msafara wa Kilimanjaro ambaye vidole vyake vinahitaji kulindwa kwanza, ni huyu aliyebeba mzigo, kisha ndipo aje yule aliyetoka Norway.

Lakini soksi nene peke yake haitamwokoa, na hapo ndipo hata wenye nia njema hukosea. Wanaojua habari za miguu baridi kuliko watu wote ni wawindaji wa milimani, kwa sababu kazi yao ina vipande viwili vinavyogombana. Katika milima ya Rocky ya Marekani, kuanzia Colorado hadi Montana, msimu wa kuwinda kulungu wakubwa waitwao elk huangukia Oktoba na Novemba, theluji ikiwa imeanza. Mwindaji huondoka gizani, hupanda mteremko saa mbili au tatu na bunduki na begi, kisha hukaa. Hukaa kimya juu ya ukingo wa bonde akisubiri mnyama, pengine mpaka adhuhuri. Wakati wa kupanda, miguu yake ilikuwa na moto na ikatoka jasho. Wakati wa kukaa, jasho lile lile limo ndani ya soksi, na maji hunyonya joto la mwili karibu mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Hajakanyaga kijito wala hajanyeshewa. Amejilowesha mwenyewe, na buti lake zuri lisilopitisha maji limeyatunza maji hayo kwa uaminifu mkubwa.

Ndiyo maana mwindaji mzoefu wa huko hupanda amevaa soksi nyepesi, buti likiwa limelegezwa kidogo, na koti kafungua zipu japo anahisi baridi mwanzoni. Akifika mahali pa kukaa huvua, hujifuta miguu, huvaa soksi nene za sufu zilizokuwa zimefungwa ndani ya begi, kisha huweka begi au matawi ya misonobari chini ya nyayo ili asikanyage mwamba mtupu. Zoezi lote huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Buti za uwindaji za Marekani huuzwa zikiwa zimeandikwa uzito wa tabaka la kuhifadhi joto kwa mita ya mraba, gramu 200, 400, hata 1,000, na mgeni wa kazi hiyo hukimbilia namba kubwa. Mkongwe huchagua ndogo akijua atatembea sana. Buti la gramu 1,000 ni la mtu anayeketi. Ukipandia mlima, utafika juu unaogelea.

Kuna biashara nzima ya viatu iliyoanza kwa mtu mmoja kuchoshwa na jambo hili. Leon Leonwood Bean, mwenye duka dogo jimboni Maine, alikuwa akirudi kutoka kuwinda na miguu iliyolowa na kuuma. Mwaka 1912 alianza kuuza kwa njia ya posta kiatu chake: sehemu ya chini mpira, ya juu ngozi nyepesi. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa, mshono wa ngozi na mpira ukiwa umeachia. Bean alirejesha fedha za watu, akakopa, akatengeneza upya. Kampuni yake ipo hadi leo na kiatu kile bado kinauzwa.

Hata hivyo kiatu cha mpira chini na ngozi juu kiliua vidole vingi. Novemba na Desemba 1950, wanajeshi wa majini wa Marekani walizingirwa na Wachina kwenye milima inayozunguka bwawa la Chosin, Korea Kaskazini. Usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Walikuwa wamepewa viatu vya aina hiyo hiyo. Mchana walipanda vilima wakipigana, miguu ikatota jasho ndani ya mpira. Usiku walilala mahandakini bila kutikisika, jasho likaganda kwenye soksi. Maelfu waliumizwa na baridi, na wengi walikatwa vidole. Kabla vita ile haijaisha jeshi lilikuwa limeleta buti jipya la mpira mtupu, kubwa na la kuchekesha kiasi kwamba askari walilibatiza jina la Mickey Mouse. Siri yake ni kwamba tabaka la joto limefungiwa katikati ya kuta mbili za mpira, jasho lisiweze kulifikia. Mguu hulowa humo ndani, lakini joto halipotei.

Wapandaji maskini wa nchi za baridi wana toleo la bure la buti hilo: soksi nyembamba, kisha mfuko wa plastiki, kisha soksi nene. Jasho hubaki ndani ya mfuko na soksi ya nje hukaa kavu. Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo mbinu hii haiwezi kupendekezwa na gazeti linaloheshimu sheria, ingawa kuna mifuko ya unga na ya mkate ambayo haijasikia habari hizo.

Ujuzi wenyewe ni wa kale kuliko mpira na plastiki. Septemba 1991, wapandaji wawili Wajerumani waliona maiti ikichomoza kwenye barafu mpakani mwa Austria na Italia, mita 3,210 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa ya mwanamume aliyekufa miaka takriban 5,300 iliyopita, maarufu sasa kwa jina la Ötzi. Alikuwa na upinde na mishale, na tumboni mwake kulikuwa na nyama ya mbuzi wa milimani na ya kulungu. Viatu vyake vilikuwa na soli ya ngozi ya dubu, juu ngozi ya kulungu, na ndani wavu wa kamba za magome ya mti ulioshikilia nyasi kavu kuzunguka mguu mzima. Petr Hlaváček, profesa wa viatu nchini Czech, alivitengeneza upya kwa ngozi na nyasi zile zile, watu wakavivaa milimani wakakuta vina joto la kustaajabisha. Chuo alichofundisha kiko Zlín na kinaitwa kwa jina la Tomáš Baťa, yule aliyeanzisha katika mji huo mwaka 1894 kampuni ya Bata, ambayo kiwanda chake cha Limuru kimewavisha Waafrika Mashariki kwa vizazi kadhaa.

Nyasi zile zilifanya kazi mbili. Zilishika hewa, na zilipolowa zilitupwa zikawekwa nyingine. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya walifanya vivyo hivyo na viatu vyao vya ngozi ya kulungu wa barafu, na wapelelezi wa Ncha ya Kusini, Amundsen na Scott, waliwaiga. Mwindaji wa miaka 5,300 iliyopita alijua kwamba kilicho ndani ya kiatu lazima kibadilishwe kikilowa. Katika baadhi ya kambi za Kilimanjaro mtu analala na soksi aliyopandia.

Atatokea wa kusema kwamba babu zetu walipanda peku. Walipanda, na si Kilimanjaro tu. Kwenye Rwenzori, wawindaji wa Kikonzo walikuwa wakipanda hadi ukanda wa baridi ulio juu ya misitu, kwenye mabwawa ya matope na miti ya ajabu, wakiwinda pimbi na mbwa wao, kabla eneo hilo halijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Theluji waliiita Nzururu na waliiheshimu kama makao ya mizimu. Lakini tazama walivyofanya kazi. Walijua kila pango la mwamba na walilala humo, moto ukiwaka usiku kucha, miguu ikielekezwa motoni. Walipanda hali ya hewa ilipowaruhusu na walishuka walipotaka. Hawakuwa na ratiba ya siku sita iliyolipiwa Chicago. Leo wanaoingia Rwenzori, wageni kwa wenyeji, huvaa gambuti kwa sababu tope ni la magotini, na waongozaji huko hukagua soksi za akiba bila kuona haya.

Huko Kilimanjaro, naye Muini Amani wa Pangani asisahaulike. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, vitabu viliandika majina mawili. Mtu wa pwani, aliyezaliwa kwenye joto la Bahari ya Hindi, ndiye aliyebaki akiwatunzia kambi na kuwapikia zaidi ya mita 4,000 juu, siku baada ya siku. Ustahimilivu wake ni wa kusifiwa. Kuugeuza kuwa kiwango cha vifaa vya mfanyakazi wa karne ya 21 ni dhuluma.

Chukua siku ya kawaida ya mgumu kwenye njia ya Machame. Langoni, mita 1,800 hivi, kuna joto na unyevu wa msitu. Anaondoka baada ya wageni, kwa kuwa lazima apimiwe mzigo na kufunga vitu vya mwisho, kisha anawapita njiani akiwa karibu anakimbia, kwa sababu mahema yanatakiwa yawe yamesimama kabla hawajafika. Kichwani au mgongoni ana mzigo wenye kikomo cha kilo 20. Msitu huo hunyesha sana na njia ina tope. Akifika kambini ametota kwa ndani na kwa nje. Anasimamisha mahema, anateka maji, na jua linapozama kazi ya miguu imekwisha. Kuanzia hapo ni kukaa tu. Ni siku ya mwindaji wa Montana na ya askari wa Chosin, tofauti ikiwa kwamba huyu amebeba mzigo mkubwa zaidi na ana soksi chache zaidi.

Usiku wa Barafu ndio mbaya. Kambi hiyo iko mita 4,600 na ushei. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kila mita 1,000 unazopanda, hivyo kutoka Moshi mjini hadi hapo ni tofauti ya takriban nyuzi 25. Moshi ikilala na nyuzi 17, Barafu iko chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa, na upepo haujahesabiwa. Wageni huondoka karibu na usiku wa manane kwenda kileleni pamoja na waongozaji wao, wakitembea na kupata joto. Wapagazi wengi hubaki, wamebanana kwenye hema, wakisubiri. Oksijeni ni ndogo kuliko bondeni, jambo linaloongeza hatari ya vidole kuganda, na aliyekula ugali kidogo kwa sababu chakula kimehesabiwa hana kuni za kutosha tumboni za kupasha damu.

Hata pasipo kuganda, mguu huharibika. Mguu uliolowa kwa siku mbili tatu kwenye baridi ya nyuzi kumi tu juu ya sifuri huvimba, hupauka, hufa ganzi, na ukipata joto huuma kwa wiki nyingi. Wengine hubaki na maumivu au ganzi kwa miaka. Mgumu anayerudi Moshi akichechemea mara nyingi hasemi ni baridi. Husema viatu vilimbana, hupumzika wiki moja, na kama kuna safari hupanda tena kwa sababu asipopanda hali.

Katika kupunguza balaa hili, mengi hayahitaji hata senti. Kiatu kisibane: soksi mbili ndani ya kiatu cha soksi moja hubana damu na kuifinya hewa yote, na mguu hupoa kuliko ungekuwa na soksi moja. Soksi ya pamba ibaki mjini. Sufu hunyonya mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi unyevu, na hata ikilowa hubaki na joto kiasi. Pamba ikilowa ni kitambaa baridi tu. Kiatu kilicholowa kijazwe gazeti usiku, na gazeti likibadilishwa mara moja, asubuhi hukuta ngozi imekauka nusu. (Hata gazeti lenye tahariri dhaifu hufaa.) Kofia na koti navyo ni vifaa vya miguu, kwani kiwiliwili kikiwa na joto mishipa ya vidole hufunguka. Sigara huibana. Konyagi hupotosha kwa namna nyingine: hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi moto, huku joto la ndani likimwagika nje na akili ya kutambua hatari ikilala.

Na kidole kikishaganda, kikiwa cheupe na kigumu na hakisikii mguso, kisisuguliwe. Ushauri wa kusugua kwa theluji ulitoka kwa Larrey, daktari mkuu wa upasuaji wa Napoleon, aliyeona mwaka 1812 katika kurudi kutoka Moscow jinsi askari walivyojioka kwenye moto usiku na miguu kuganda upya mchana. Aliona ugonjwa sawasawa, akakosea dawa, na watu walimfuata zaidi ya karne nzima. Dawa ni maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na yatumike tu kama kidole hakitaganda tena njiani. Kama bado kuna safari ya kushuka, ni afadhali kishuke vilevile kikiwa kimefunikwa.

Yote haya mpagazi anaweza kuambiwa, na aambiwe. Lakini semina bila soksi ni hotuba tu, na hapa historia ina somo ambalo wenye kampuni hawapendi kulisikia. Katika majira ya baridi ya 1914 na 1915, jeshi la Uingereza kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji lilipoteza maelfu kwa maelfu ya askari kwa miguu iliyooza kwa maji na baridi. Mwanzoni walilaumiwa askari wenyewe kwa uzembe. Mambo yalibadilika jeshi lilipoamua kwamba miguu ya askari ni jukumu la ofisa wake. Soksi kavu zililetwa mstari wa mbele pamoja na chakula, askari wakapangwa wawili wawili kukaguana na kupakana mafuta ya nyangumi, na kamanda ambaye kikosi chake kilikuwa na miguu mibovu alitakiwa kujieleza. Idadi ikashuka.

Vita ile ile ilikuwa ikipiganwa Afrika Mashariki. Huku wapagazi wa Carrier Corps walitembea peku kutoka pwani hadi Rufiji na kwingineko, na hesabu rasmi za Waingereza wenyewe zilitaja vifo vya zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi. Kamanda wa kule aliwajibishwa kwa soksi, na wa huku hakuulizwa hata kwa roho za watu. Anayedhani tofauti hiyo ilizikwa na ukoloni aende langoni asubuhi moja atazame viatu vya anayebeba hema na viatu vya atakayelala ndani yake.

Mwanzo mzuri upo. Tangu 2003 mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, KPAP, wenye ofisi Moshi, hukopesha wapagazi nguo na viatu vya mlimani bila malipo, na huzifuatilia kampuni washirika jinsi zinavyowatendea watu wao. Mfumo wa kukopesha na kurudisha unajibu lile lalamiko la kudumu la mawakala, kwamba ukimpa mgumu buti ataliuza Memorial wiki hiyo hiyo. Basi asipewe, aazimwe, asaini, arudishe. Kampuni inayoweza kuhesabu vijiko vya wageni kila jioni haiwezi kushindwa kuhesabu jozi za viatu.

Ila haifai kazi ya kampuni na ya serikali iachwe mabegani mwa shirika la hisani. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tayari ina mizani malangoni, na mizani hiyo imefanya jambo kubwa: mzigo wa mpagazi una kikomo kinachopimika, na mzigo ukizidi huonekana. Miguu ipewe uzito huo huo. Ukaguzi wenyewe ni mfupi: viatu vilivyofungwa vyenye soli inayoshika, soksi jozi mbili za sufu au za nyuzi zinazokauka haraka, na jozi ya tatu, kavu, iliyofungwa mahali isipolowa, ya kulalia tu. Mtalii aliyelipa maelfu ya dola hatatikisika ukimwongezea dola kumi za soksi, na wala hatakasirika wakala akimwandikia hivyo waziwazi kwenye ankara. Wageni wengi huuliza kama maji ya kunywa yamechemshwa. Wangeuliza pia wapagazi wao wanalalia nini miguuni, mawakala wengi wangepata jibu haraka.

Na mgumu atakayekutwa hana jozi ya kulalia asirudishwe nyumbani na kukoseshwa siku zake za kazi, kwa maana hapo kila mtu atajifunza kuazimana soksi moja kwa zamu mbele ya askari wa hifadhi. Asubiri langoni kwa malipo yake kamili, msafara wake usimame, mpaka wakala alete soksi kutoka Moshi.